Jioni Mji Uliponitazama

Mwanangu, iko jioni moja ambayo masikio yangu yalifika baharini kabla ya macho. Kila nikiikumbuka naanzia hapo hapo, kwenye masikio.

Kwanza nilisikia watu wengi wakivuta sauti kwa pamoja, wakiipandisha polepole. Kisha kimya. Kisha kishindo, paaa! Kitu kizito kimepiga maji. Na mara mayowe, vicheko, makofi, miluzi. Sauti zote zilitoka nyuma ya nyumba, upande ambako kichochoro kilipinda kikapotea. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya kichochoro hicho, kuta ndefu kushoto na kulia, na juu ya kichwa changu mbingu imekatwa nyembamba kama utepe.

"Bi Zuhra, kuna mtu amezama!" nikasema, nikamshika mkono.

Bi Zuhra, mwenye nyumba wangu, hakugeuka. Alikuwa anamuuliza mzee mmoja aliyekaa barazani habari za mguu wake.

"Hajazama mtu," alinijibu, macho yake bado kwenye ule mguu. "Vijana hao, wanaruka kutoka ukutani. Kila jioni wanaruka. Siku watakayoacha kuruka ndiyo unambie nikimbie." Kisha akamrudia mzee. "Enhe. Na ile dawa ya kuchua, unajichua nayo asubuhi au jioni?"

Paaa! Mwingine. Watu wakashangilia tena. Nilisimama pale nimebeba tumbo langu kwa mikono miwili, na juu kabisa ya ukuta, mahali jua lilipokuwa bado linagusa chokaa, nikaona rangi ya manjano inageuka kuwa nyekundu. Nilijua jua linaondoka. Na mzee yule, Mungu amrehemu, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza habari za goti.

Ngoja nikueleze nilikuwa nani siku hiyo, usije ukanicheka kabla ya wakati.

Nimezaliwa Kondoa, bara, kwenye vilima na mashamba ya uwele. Niliolewa na Juma, kijana wa kwetu aliyekuwa amepata kazi katika meli ya mizigo iendayo Pemba, akanileta Unguja. Siku ya kuvuka niliipitisha kichwa kikiwa mapajani mwake, nikitapika. Bahari yenyewe sikuiona. Tukapanga chumba cha ghorofani mtaa wa Mkunazini, katika nyumba ya Bi Zuhra. Nyumba ya mawe, ngazi ndefu, madirisha yanayotazamana na madirisha ya jirani hata ukipiga chafya wa upande wa pili anakwambia afya. Juma akawa siku moja nyumbani, siku nyingi melini. Nami nikawa nashuka ngazi, nakwenda sokoni Darajani, narudi, napanda ngazi. Miezi ikapita hivyo. Nilikuwa naishi katika mji uliozungukwa na maji, na maji sikuwahi kukaa nikayatazama.

Nikashika mimba, ya kwanza. Tumbo likakua mpaka nikisimama sikuiona miguu yangu. Na hapana mtu aliyeniuliza hali. Napita mbele ya nyumba, watu wamekaa barazani wanazungumza. Nikifika wananyamaza, nikishapita nawasikia wanaendelea. Wanawake mlangoni vivyo hivyo. Nikawa narudi chumbani nalia. Sikuogopa uchungu wa kuzaa, mwanangu. Wanawake wa kwetu wote wameuonja na nimewaona baadaye wakicheka. Niliogopa kuzaa mbele ya watu wasiolijua hata jina langu. Mume yuko baharini, mama yuko Kondoa, na mimi nikiita, nimwite nani?

Basi nilimwambia Juma nataka kwenda kuzaa kwa mama, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Akakubali. Angerudi Ijumaa, na Jumamosi anivushe. Na moyoni mwangu, hili sikumwambia yeye, nilikuwa nimeamua kwamba nikishafika kwa mama sitorudi. Nitabaki huko na mtoto wangu. Akitaka atufuate, asipotaka abaki na meli yake.

Bi Zuhra alikuwa mjane, mnene, mwenye haiba, mwendo wake wa taratibu kwa sababu ya magoti. Babu zake walitoka Arabuni, na alizaliwa ndani ya nyumba ile ile, zamani ghorofa zote zikiwa za jamaa zake. Sasa alikuwa amebakiwa na vyumba vya chini, na juu akatupangisha sisi. Alhamisi ile, au Alkhamisi, kama alivyoitamka yeye kwa ile kha yake ya kooni, alinikuta nakunja nguo.

"Nshasikia unaondoka," akasema.

"Naam, Bi. Jumamosi."

"Na ushapunga upepo?"

"Bado, Bi."

"Bado! Umekaa Unguja siku zote hizi hujapunga upepo? Utawaambia nini watu wa kwenu? Kwamba Unguja ni ngazi?" Akaniangalia kutoka kichwani mpaka tumboni. "Mimi kila Alkhamisi baada ya alasiri nnakwenda Forodhani. Vaa, twende."

Nilifurahi kama mtoto wa siku ya Idi. Juma alikuwa amenisimulia vile jua linavyoingia majini mbele ya Forodhani, taratibu, mpaka maji yote yanakuwa rangi ya dhahabu. Nikasema, angalau niondoke na hilo. Angalau nimwambie mama kuna kitu kimoja kizuri nimekiona.

Hatukwenda hatua tatu. Chini ya mlango wetu palikuwa na mwanamke aliyekaanga bajia kila jioni, Mwanakhamis, mwembamba, mwenye mdomo unaochemka kuliko mafuta yake. Nilimjua kwa harufu tu, maana harufu ya bajia zake ilikuwa inapanda mpaka dirishani kwangu.

"Masalkheri, Mwanakhamis," akasema Bi Zuhra, akasimama.

"Masalkheri, Bi Zuhra. Loo, leo umetoka na bi arusi!"

"Bi arusi gani na tumbo hilo? Huyu Zaituni, mwanangu wa ghorofani. Kwao Kondoa."

"Kondoa ndiyo wapi?"

"Bara huko, mbele ya Dodoma."

"Kuna bahari?"

"Kuna asali," nikasema mimi. Sijui kwa nini. Lilinitoka tu.

Mwanakhamis akaacha upawa wake hewani, mafuta yanadondoka. Kisha akapiga kofi pajani. "Mama wee! Kasema! Bi Kimya kasema! Njooni jamani, Bi Kimya ana sauti!"

Wanawake wawili wakachungulia mlangoni wanacheka. Ndiyo siku niliyojua kwamba mtaa mzima ulikuwa umenipa jina, na jina lenyewe lilikuwa hilo. Uso ukaniwaka. Nikavuta buibui langu, nikamtazama Bi Zuhra kwa macho ya kumwomba twende. Yeye akachukua bajia moja, akaimega, akaonja, akasema chumvi haijakolea, wakabishana juu ya chumvi. Ndipo tukaondoka.

Na ikawa hivyo njia nzima. Kila baraza, salamu. Kila mlango, hali. Huyu mtoto wake ametoka homa, yule binti yake kaposwa, huyu paa linavuja. Na kila mahali Bi Zuhra ananishika bega kama mtu anayeonyesha kitambaa: "Huyu Zaituni. Yuko kwangu. Mumewe yuko melini." Kila mahali lile lile, kama kwamba hawakusikia kutoka baraza la jirani, na hakika walisikia, kwa sababu vichochoro vyetu havifichi kitu.

Sokomuhogo tuliwakuta wanaume barazani na kahawa zao. Mimi nikainamisha uso, kama mama alivyonifundisha. Bi Zuhra akatoa salamu, wakamjibu wote kwa pamoja. Miongoni mwao alikuwepo hamali mmoja, Makame, jitu la mabega, amekaa juu ya gari lake la kusukuma anapumzika.

"Huyu mke wa Juma wa melini," akasema Bi Zuhra. "Zaituni."

"Ahaa," akasema Makame. "Ndiye yule anayepita kila siku kama aliyedondosha sindano?"

Wanaume wakacheka. Bi Zuhra hakungoja. "Sindano keshaipata. Ndiyo maana leo kainua uso. Zaituni, inua uso wakuone."

Nikainua. Sikuwa na la kufanya. Makame akaweka mkono kifuani, akasema, "Karibu mjini, bibie. Samahani kwa mzaha." Na wale wengine, karibu, karibu. Nami nikaitikia, sauti yangu ndogo, na ndani yangu nahesabu tu mwanga uliobaki.

Kisha ndipo tukafika kwa yule mzee wa mguu, na vile vishindo vya majini vikaanza. Hapo ndipo nilipoanzia kukusimulia.

Tulipomtoka mzee tukapata dirisha. Mwanamke akatuita kutoka juu, sauti bila uso, akataka kujua mjamzito ni wa nani. Bi Zuhra akamwambia. "Ngojeni!" sauti ikasema. Tukangoja. Kikapu kikashuka kwa kamba kikiyumba, ndani mna kipande cha mkate wa kumimina kimefunikwa kwa kitambaa. "Cha mtoto hicho, si chako!" sauti ikaniambia. Nikashukuru. Nilikuwa karibu kulia, mwanangu, na si kwa furaha. Utepe wa mbingu juu yetu ulikuwa umeshakuwa wa kijivu.

Tulipotokea Forodhani jua halikuwepo. Maji yalikuwa na rangi ya majivu. Vijana wale waruka ukuta walikuwa wanakamua kaptura zao na kutafuta viatu. Wauzaji walikuwa wanawasha taa za chemni juu ya meza za pweza na muhogo. Upepo ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo, lakini mimi sikutaka upepo.

Bi Zuhra akajishusha taratibu akakaa juu ya ukuta, akapumua. Akaniangalia.

"Umekasirika."

"Hapana, Bi."

"Umekasirika, na mtoto tumboni anajua. Sema."

Nikasema. Machozi yalinitangulia. "Nilitaka niuone mji kabla sijaondoka, Bi. Jambo moja tu. Tumesimama kila mlango, kila dirisha, na jua limetua hatujafika."

Nilidhani atanibembeleza. Hakunibembeleza.

"Nani kakwambia nlikutoa nyumbani uje kuuona mji? Mji huu mawe na chokaa, haukimbii. Nlikutoa mji ukuone wewe." Akaupiga ukuta kwa kiganja. "Tangu mwezi wa Mfungo Tatu uko kwangu. Unashuka uso chini, unarudi uso chini. Mimi nakwambia shikamoo yako naipokea ngazini, lakini wenzangu je? Wao wamekukosea nini?"

"Hawajapata hata siku moja kunisalimu, Bi!"

"Wakusalimu wao?"

"Ndivyo nilivyofundishwa. Mgeni anangoja wenyeji waanze. Na mke wa mtu hamtazami kila mtu njiani."

Bi Zuhra akacheka, lakini cheko lake lilikuwa na huzuni. "Masikini mtoto wa watu. Hapa anayepita ndiye anayetoa salamu, na aliyekaa huitikia. Sasa unataka Makame akuanze wewe, mumeo yuko melini? Watu watamwonaje? Anakuheshimu, ndiyo maana ananyamaza. Na wewe unawaheshimu, ndiyo maana unanyamaza. Heshima imekuwa nyingi mtaani mpaka hapana anayemjua mwenzake!"

Nikafuta macho kwa ncha ya buibui.

"Nenda kazae kwa mama yako," akasema, sasa kwa upole. "Si vibaya. Mama ni mama. Lakini usende ukawaambia watu wa kwenu kwamba Unguja hawana utu. Waambie hukuwapa salamu."

Neno hilo liliniingia, mwanangu. Liliingia mahali ambapo nilikuwa nimeweka uchungu wangu wote wa miezi ile, likaukuta umekaa kwenye kiti kisicho chake. Tukala ule mkate wa kumimina, wangu na wa mtoto. Kisha tukarudi kwa njia ile ile, na safari hii Bi Zuhra akanyamaza. Kila baraza ananyamaza, mpaka nikaelewa ananingoja mimi. Pale Sokomuhogo nikakusanya pumzi: "Assalaam alaykum." Ilitoka nyembamba kama uzi. Wakaitikia wote, hata wale waliokuwa na vikombe mdomoni.

Kesho yake, Ijumaa, magoti ya Bi Zuhra yaliuma, hakuweza kutoka. Juma hakuwa amefika bado. Nikasema nitakwenda peke yangu, mapema, nilione hilo jua. Nilitoka baada ya alasiri nikitoa salamu kila mahali kama mtu anayelipia njia. Mwanakhamis akanipigia kelele, "Bi Kimya, peke yako na tumbo hilo? Usichelewe!" Na bajia akanitia mkononi, yenye chumvi safari hii.

Nikafika na mchana bado mweupe. Na bahari nikaiona. Sitakueleza sana, kwa kuwa wewe unaiona kila siku na huenda umeshaacha kuitazama. Nitasema tu kwamba nilidhani itakuwa ya bluu, nikaikuta ina rangi nyingi zinazohama, kijani karibu na mchanga, na mbali, kule visiwa vidogo vilikolala, nyeusi kama kitambaa cha buibui. Nilikaa ukutani na mikono yangu juu ya tumbo. Nikasema, haya, mwanangu, hii ndiyo.

Uchungu ulinikamata hapo hapo.

Haukuwa wakati wake. Nilidhani ni kuchoka, nikangoja upite. Ukapita, ukarudi na nguvu zaidi, na nikahisi maji ya uvuguvugu yanashuka miguuni. Nikajaribu kusimama, miguu ikakataa. Watu walikuwa wamejaa pale, wageni, watoto, wauzaji, kila mtu na jambo lake. Nikafungua mdomo nimwite mtu, na sikujua nimwite nani. Lile jambo nililoliogopa miezi yote, ndilo hilo, limenifuata mpaka ukutani.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke: "Jamani, huyu si yule wa Bi Zuhra?"

Na nyingine: "Ndiye! Zaituni! Wa Kondoa! Nlimpa mkate jana!" Nikamwona kwa mara ya kwanza mwenye dirisha, mwanamke mfupi mwenye miwani, anakuja mbio na kanga inamwanguka.

"Zaituni." Jina langu. Sijui nikueleze vipi. Uchungu ulikuwa umenishika kiuno kama koleo, na mimi nikawa nawaza kwamba wanalijua jina langu.

Gari la kunichukua halikuonekana. Aliyeonekana ni Makame, ametoka kushusha mzigo bandarini, gari lake tupu. Wanawake wakavua kanga zao za juu wakatandika, wakanipandisha. "Shika mbao, bibie," akasema Makame, "na usinizalie juu ya gari, mimi sijui kazi hiyo." Hata katika hali ile nilicheka. Akasukuma, akipiga kelele, "Njia! Njia jamani!" Wale wanawake wakawa wanakimbia pembeni. Kutoka madirishani watu wakauliza ni nani huyo, na wale wa chini wakajibu: Zaituni, mtoto wa Bi Zuhra, mwambieni Bi Zuhra! Dirisha likaambia dirisha. Habari ilikwenda kwa kasi kuliko gari letu, kwa sababu tulipofika mlango wa hospitali tulimkuta Bi Zuhra anashuka nyuma ya vespa ya kijana mmoja wa mtaani, buibui limejaa upepo, anamlaani kijana kwa kukata kona na kumwombea dua kwa kuwahi.

Mtoto wa kike alizaliwa wakati wa magharibi, mdogo, mwenye sauti kubwa.

Juma alifika Jumamosi asubuhi, meli yao imechelewa. Alipokuwa anakuja nyumbani kunichukua tusafiri, Mwanakhamis akamsimamisha njiani: "Hongera, baba Fulani! Unakwenda wapi huko juu? Mkeo yuko hospitali na binti yako." Kwa hiyo mume wangu aliambiwa habari ya mtoto wake na muuza bajia, na aliisimulia hadithi hiyo mpaka mwisho wa maisha yake.

Mama akapelekewa habari, akaja. Alivuka bahari ambayo hakuwahi kuiota, akiwa na unga wa uwele, chupa ya asali na kitambaa cha kunifunga tumbo. Alikuja kunichukua. Akapanda zile ngazi, akafika mlangoni, akakuta chumba kimejaa: Bi Zuhra ananikanda, Mwanakhamis anamwogesha mtoto, yule wa dirishani anakoroga uji wa pilipili manga. Mama akasimama na mzigo wake mikononi.

"Na mimi sasa nifanye nini?" akauliza.

"Wewe kaa," Bi Zuhra akamwambia. "Ushatuzalia huyu. Sisi vibarua tu."

Mama alinuna siku ile. Kesho yake akapika uji wake wa uwele bila pilipili, akauweka mbele yangu, nao wakaweka wao, nikanywa wote, huu na ule, kwa amani ya nyumba. Wakagombana juu ya maji ya kumwogeshea mtoto, yawe moto kiasi gani. Wakagombana juu ya jina. Siku zikaenda, na siku moja nilimkuta mama amekaa kizingitini chini pamoja na Mwanakhamis, anachambua dengu, anamfundisha nyimbo za kwetu.

Tulipomaliza arobaini, mama akafunga mzigo wake. Mzigo mmoja tu. Nilikuwa nimeshafunga wangu, nikamtazama.

"Wewe unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Si umekuja kunichukua, mama?"

"Nilikuja kukuchukua," akasema. "Lakini nimewaona wanaopanda ngazi hizi. Kule kwetu nitakuweka ndani ya nyumba nilimo mimi peke yangu, na baba yako shambani mchana kutwa. Hapa ukikohoa watu watatu wanapanda. Kaa na watu wako."

Mwanangu, hayo ni ya zamani. Bi Zuhra ameshatangulia mbele ya haki. Nyumba yake sasa inalaza watalii, na kizingiti alichokalia Mwanakhamis kimewekwa vyungu vya maua. Forodhani imejengwa upya, taa za umeme zinang'aa, na vijana bado wanaruka, na ninyi mnawapiga picha kwa simu. Nyinyi mnaofika mjini sasa, kwa kazi za hoteli, kwa vyuo, kwa ndoa, nawaona jioni mnapita mbele ya baraza letu na vitu masikioni, mnauliza simu njia ya kwenda baharini. Mnafika na jua bado lipo. Nafurahi kwa ajili yenu. Lakini huwa nawatazama mnavyorudi, na najua yupo mmoja wenu anayepanda ngazi kwenda kulia.

Wewe mgeni uliyeko huko ghorofani, ninayekuita mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Mji hauhamiwi kwa kuutazama. Toka ukatazamwe. Wewe unayepita, toa salamu wewe. Usingoje aliyekaa, huenda amekaa anangoja adabu yako imruhusu aongee. Sema jina lako, sema unakaa kwa nani, kabla hujawa na shida ya kukufanya ulipige kelele. Wako watakaokuitikia kwa ubaridi, na mmoja au wawili hawatakuitikia kabisa. Mimi wapo ambao hawajanijibu mpaka leo. Wapite, uwasalimu tena kesho. Wakikupa jina la mzaha, lipokee. Mtu hapewi jina na watu wasiomwona. Na ukichelewa baharini kwa sababu umesimama kumsikiliza mzee mwenye mguu, usikasirike. Mwulize na goti.

Nami nakuombea dua ile ile niliyoombewa. Maana siku ile mama aliondoka alfajiri, na Juma alimbebea mzigo. Mama alimbusu mtoto, akaniwekea mkono kichwani. Akasema, "Mungu akuzidishie watu, mwanangu. Akupe watu asubuhi, akupe watu jioni, na siku ya shida akupe watu kabla hujaita." Kwako pia, iwe hivyo, amin.

Kisha akashuka ngazi, polepole, akishika ukuta kama nilivyoshika mimi siku ya kwanza. Nilimsikia chini akimsalimu mtu, na mtu akiitikia. Nikausikia ule mlango mzito ukivutwa, ukafungwa nyuma yake.

Nami nilikuwa upande wa ndani.